Kushusha pumzi

Katika mazungumzo, mtu hushusha pumzi mambo yakishatulia: mgonjwa karuhusiwa, deni limelipwa. Ndani ya bwawa la kuogelea, pumzi hushushwa kazi ikiwa bado inaendelea, na anayengoja amalize kugeuka ndipo aishushe huchoka mapema.

Mtazame muogeleaji wa mtindo huru akikaribia ukuta. Anavuta hewa, anajikunja, anapinduka kichwa chini, na mapovu yanamtoka puani mfululizo. Mapovu hayo ndiyo yanayozuia maji yasimwingie puani. Kisha anausukuma ukuta kwa miguu na kuteleza. Kanuni za mashindano zinataka kichwa kiwe kimeibuka ifikapo mita 15.

Wengi hubana pumzi hapo, wakidhani wanajiwekea akiba. Inasikitisha, kwa sababu hamu kali ya kuvuta hewa huletwa hasa na kabonidayoksaidi inayorundikana mwilini, kabla hata oksijeni haijapungua sana. Aliyebana huibuka kifua kinawaka, na katika nafasi ileile finyu inambidi atoe hewa na kuvuta nyingine. Hapo huanza kutweta. Kwenye mbio za mita 1,500 katika bwawa la mita 50 atageuka mara 29, na deni hilo la hewa humfuata kila ukuta.

Ningependa makocha waache kuwaambia watoto “bana pumzi” wakifika ukutani. Wawaambie “shusha pumzi”, polepole, kwa pua, tangu kichwa kinapozama.