Saa Tatu ya Usiku Muhumba: Historia ya Kuulizwa Karatasi

Mpishi au mtunza bustani wa Muhumba, enzi za Wabelgiji, alijua saa hata kama hakuwa na saa mkononi. Ikikaribia saa tatu ya usiku alipaswa kuwa ameshika njia ya kupanda Kadutu, au kuwa na barua ya bwana wake mfukoni. Kanuni hiyo haikuwa ya Bukavu peke yake. Katika miji ya Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana mitaa ya Wazungu tangu saa hiyo hadi alfajiri bila kibali. Kwa maandishi, Mzungu naye alikatazwa kuzurura usiku huko cité, yaani mitaa ya Waafrika, na wakubwa walipenda kuitaja sehemu hiyo ya kanuni kama ushahidi wa usawa. Ila ni mmoja tu kati ya hao wawili aliyesimamishwa njiani na kupekuliwa.

Muhumba ni mojawapo ya rasi zinazoingia Ziwa Kivu, katika komuni ya leo ya Ibanda. Mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, rasi hizo zilitengwa kwa nyumba za Wazungu, kwenye upepo wa ziwa. Wafanyakazi waliwekwa Kadutu, mlimani, na baadaye Bagira. Kwa hiyo uhuru wa Muhumba, yaani kulala mlango wazi na kutembea kando ya ziwa bila kuulizwa unakwenda wapi, ulisimama juu ya ulinzi uliowaminya wengine. Tukizungumza leo kuhusu mizani kati ya uhuru wa mtu na nguvu za polisi, tunafanya kana kwamba ni mtu mmoja anayepewa huku na kunyang'anywa kule. Hapa kwetu mizani ilikuwa na watu wawili: mmoja alipewa uhuru, mwingine akapewa polisi.

Usiku ulikuwa sehemu ndogo tu ya mambo. Mtu wa kijijini hakuweza kuondoka kwenye chefferie yake, yaani eneo la chifu wake, akakaa mjini bila pasipoti ya ndani ya nchi. Alipofika, alihitaji kijitabu cha kitambulisho chenye jina la chifu wake, kazi yake na kodi aliyolipa. Asiye na kazi alirudishwa kwao. Kuanzia 1910 serikali ilikuwa na silaha nyingine, relégation: kumhamisha mtu aliyeonekana hatari na kumpeleka mbali bila hukumu ya mahakama. Wafuasi wengi wa mhubiri Simon Kimbangu waliishia hivyo, wakatawanywa nchi nzima.

Tena kulikuwa na kiboko. Idadi ya mapigo ilipunguzwa kidogo kidogo miaka ilivyosogea, lakini adhabu yenyewe ilifutwa 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Wazee wengi waliolijenga jiji hili waliishi utu uzima wao wote chini ya sheria iliyoruhusu kuchapwa.

Wachache walipewa njia ya kukwepa. Mwaka 1948 ikaja kadi ya sifa za uraia, na 1952 ikafuata immatriculation, daraja la juu zaidi. Aliyeipata kadi aliepushwa kiboko na kuzuiliwa usiku. Kuipata immatriculation kulikuwa shughuli: wakaguzi walifika nyumbani, wakaangalia choo, vitanda vya watoto, namna mke anavyopika, na kama familia inakula kwa uma. Patrice Lumumba, wakati huo karani wa posta Stanleyville, aliomba, akakataliwa kwanza, kisha akapewa 1954. Kufikia mwisho wa ukoloni, katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 13, waliopata immatriculation walikuwa mia mbili na kidogo. Msamaha wa kutopigwa, mtu aliutafuta kwa fomu. Nadhani ndiyo fikra ya kikoloni iliyodumu kuliko barabara walizojenga: kwamba haki ya kutosumbuliwa ni zawadi iliyo kwenye karatasi, na karatasi hutolewa na mkubwa.

Force Publique, iliyosimamia hayo yote, ilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja. Haikuundwa kuwalinda wakazi, iliundwa kuwatawala. Siku ya uhuru ilikuwa na askari wapatao 25,000 na haikuwa na ofisa hata mmoja Mkongomani. Mkuu wake, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari mapema Julai 1960 akawaandikia ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa. Waliasi. Hata hivyo, ukiangalia vitabu vya sheria, jenerali alibashiri vizuri kuliko wanasiasa: kanuni ya mwenendo wa kesi za jinai inayomwongoza polisi wa Kongo hadi sasa ni amri ya tarehe 6 Agosti 1959. Amri ya Mfalme Leopold ya 1896 juu ya uzururaji iliendelea kutumika nchini kukamata watoto wa mitaani, wale ambao Bukavu tunawaita maibobo, zaidi ya miaka mia moja baada ya kutungwa.

Rais Mobutu aliongeza tabaka lake. Aliyafuta majina ya Kizungu, akaipiga marufuku tai, akalazimisha salongo, yaani kazi za pamoja zisizo na malipo, na vijana wa chama wakapata mamlaka ya kumsimamisha yeyote njiani. Mwaka 1972 polisi walimezwa na gendarmerie, maana yake wakawa askari wa jeshi. Kasho za siri ziliongezeka, jina la idara ya usalama likabadilika mara kadhaa, kutoka CND hadi SNIP. Sitakaa sana hapo. Kila familia ya Bukavu ina hadithi yake.

Baada ya Mobutu, Polisi ya Taifa ya Kongo, PNC, ilikuja na sura mpya. Katiba ya Februari 2006 inasema haina chama na iko chini ya mamlaka ya kiraia. Ibara ya 18 ni wazi hata kwa asiyesoma sheria: aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na familia yake au mshauri wake, na asiwekwe kizuizini zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya mamlaka ya sheria. Ibara ya 26 haimtaki mwandamanaji aombe ruhusa. Inamtaka aijulishe serikali kwa maandishi. Sheria ya polisi ya 11 Agosti 2011 ikafuata.

Kuna watu husema sheria zetu ni nzuri, tatizo ni utekelezaji. Sikubali. Tatizo ni kwamba anayekushika ndiye anayehesabu saa 48. OPJ, yaani ofisa wa polisi mwenye mamlaka ya upelelezi, asiyejua mshahara wake utafika lini anaijua bei ya kila saa, na jamaa wa aliyekamatwa nao wanaijua. Na karatasi bado ipo: nchi hii haijafanya sensa tangu 1984, kwa hiyo kadi ya mpiga kura ndiyo iliyogeuzwa kitambulisho. Kijana wa pikipiki asiye nayo kwenye bariyeri ya jioni yuko karibu sana na babu yake aliyesahau barua ya bwana.

Wala tusidanganyane kwamba polisi wakipungua uhuru huongezeka. Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, aliuawa kwa risasi Bukavu tarehe 13 Juni 2007. Kesi ilipelekwa mahakama ya kijeshi, na marafiki zake wawili, raia, walioshuhudia mauaji, walihukumiwa kifo. Waliachiliwa kwenye rufaa 2008. Ilhali Ibara ya 156 ya Katiba inaiachia mahakama ya kijeshi wanajeshi na polisi tu. Tarehe 21 Novemba 2008 mwenzake Didace Namujimbo akauawa naye katika jiji hilihili. Mwandishi wa habari aliyerudi nyumbani usiku miaka ile alimwogopa mwenye bunduki, na aliogopa vilevile upelelezi ambao ungefuata.

Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya état de siège, yaani utawala wa dharura wa kijeshi, Mei 2021: askari wakachukua nafasi za magavana, raia wakapelekwa mbele ya majaji wa kijeshi. Kivu Kusini, mkoa wetu, ilinusurika. Kisha, katikati ya Februari 2025, waasi wa M23 wakaingia Bukavu. Jeshi na polisi wa serikali walikuwa wamekwisha kuondoka, na katika pengo hilo maghala yalivunjwa. Shirika la Chakula Duniani pekee lilipoteza karibu tani 7,000. Muhumba, mwenye uwezo aliongeza zamu getini. Kadutu walilinda wenyewe, kwa filimbi na sufuria.

Kisha wakaja wenye mamlaka wapya, na bariyeri zao, na swali lilelile la karatasi. Tofauti ni kwamba Ibara ya 18 haiwahusu wala hawaitambui. Wakimshika mtu, familia yake haina parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, ya kulalamikia, na hakuna jaji ambaye OPJ angemwogopa, japo kidogo, saa ya arobaini na nane ikikaribia.