Mchezo wa Sita: Fischer Alipobadili Ufunguzi

Tarehe 23 Julai 1972, mjini Reykjavík, katika mchezo wa sita wa pambano la ubingwa wa dunia, Bobby Fischer wa Marekani alicheza hatua yake ya kwanza, na wajuzi wa sataranji wakabaki wakitazamana. Huyu ni mtu aliyezoea kuanza na askari wa mbele ya mfalme, tena akijigamba kwamba hakuna ufunguzi unaoushinda huo. Safari hii aliuanza mchezo kwa askari wa upande wa malkia.

Wakati huo alama zilikuwa 2½ kwa 2½. Fischer alishindwa mchezo wa kwanza, na wa pili hakutokea kabisa kwa sababu ya ugomvi wa kamera. Wengi walishaamini angepanda ndege arudi kwao, lakini alibaki na kusawazisha.

Hatua chache baadaye mchezo ukawa Gambiti ya Malkia, na Boris Spassky, bingwa wa dunia kutoka Muungano wa Kisovieti, akajikinga kwa Ulinzi wa Tartakower. Hapo mwenyeji alikuwa yeye. Ulinzi huo aliutegemea kwa miaka mingi. Fischer alimfuata huko huko. Hatua ya 14 akamtupa askofu wake katika eneo la weusi, na baada ya mabadilishano askari wa Spassky wa katikati wakabaki wakining'inia bila mwenzao wa kuwalinda. Hatua ya 20 akasukuma askari wa mbele ya mfalme, yule yule aliyemwacha mwanzoni, na kuanzia hapo weusi hawakupumua. Malkia wa Spassky akawa wa kwenda na kurudi nyumba mbili tu, hana pengine pa kwenda. Hatua ya 38 Fischer akatoa ngome kwa farasi, na hatua ya 41 bingwa akakubali kushindwa.

Ukumbi ulipiga makofi. Spassky naye akapiga. Wapo wanaousifu mchezo wa 13 wa pambano lile kuliko huu, mimi simo.

Jibu la ile hatua ya 14 lilikuwepo: kumweka malkia nyuma ya askari wa upande wa malkia. Efim Geller, msaidizi wa Spassky kule Reykjavík, alilitumia mwaka 1973 kumshinda Jan Timman katika mpangilio ule ule. Spassky alikuwa ameshavuliwa ubingwa, 12½ kwa 8½.