Mataruma Kabla ya Reli

Kwa miaka mingi niliunda meli bila kujua jina la kiungo chake hata kimoja. Zilikuwa meli za plastiki. Mjomba wangu, baharia wa meli za mizigo, aliniletea boksi la kwanza nikiwa darasa la sita: Cutty Sark ya Revell, mfano wa ile merikebu ya Waingereza iliyoshushwa majini mwaka 1869 na ambayo leo imewekwa Greenwich, London. Vipande vilining'inia kwenye vijiti vya plastiki kama ukwaju mtini, kila kimoja na namba yake. Nilikata kikonyo, nikakwangua, nikapaka gundi, kipande cha 27 kikaingia kwenye cha 28. Kiwiliwili chenyewe kilikuja nusu mbili, kama kokwa la embe lililopasuliwa, na ndani mtupu. Nilichohitaji ni kujua kuhesabu tu.

Mwaka jana nikanunua boksi la chombo cha mbao. Sikuchagua merikebu ya milingoti mitatu. Nilichagua dori, mashua ya wavuvi wa New England, Marekani, kwa skeli ya 1:24, yaani futi moja ya chombo halisi inakuwa nusu inchi. Dori ina chini bapa na ubavu uliolalia nje. Karakana ya Lowell huko Amesbury, Massachusetts, inayojulikana kwa kuziunda, ilianza mwaka 1793. Katika karne ya 19 merikebu za uvuvi zilitoka Gloucester na dori zimepangwa juu ya sitaha, moja ndani ya nyingine kama masufuria ya shughuli, baada ya kutolewa mbao za kukalia. Zikifika kwenye maji ya Newfoundland zilishushwa, mara nyingi watu wawili kwa kila dori. Na dori hupimwa kwa chini yake. Ikiitwa ya futi 15, huo ni urefu wa ubao wa chini. Juu, toka ncha hadi ncha, inakaribia futi 20. Hilo lilinipendeza sana, kwa sababu jina la chombo linatokana na kipande ambacho fundi hukianza.

Mimi ni mfasiri, na siwezi kusoma maelekezo bila kuyageuza. Nikafungua daftari, nikaamua kwamba sitagusa ubao mpaka niwe nimeandika hatua yake kwa Kiswahili. Kitenzi cha kwanza hakikunisumbua. Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, ukili husukwa, chombo huundwa. Leo tunaunda tume, tunaunda serikali, tunaunda vikundi vya kukopeshana, na kutokana na mzizi huohuo tumepata muundo na miundombinu. Lakini mwambie mzee wa pwani kwamba fulani yuko ufukweni anaunda, hatakuuliza anaunda nini.

Kilichonisimamisha ni hatua ya pili: zile mbao za kukingama, zilizopinda kwa pande zote mbili, zinazosimamishwa juu ya ubao wa chini ili kukipa chombo umbo. Nilikwisha kuona kitabu cha shule kinachoziita mbavu za meli. Mbavu si kosa. Lakini hilo ni neno la mtu asiyewahi kuuliza. Baharini zinaitwa mataruma. Na hapo nilishtuka, maana neno hilo nalijua tangu utotoni kutoka kwenye reli: mataruma ya reli, yale magogo ya kukingama yanayoshika vyuma viwili visiachane. Mkenya au Mtanzania anayesoma habari za reli mpya na mataruma yake ya zege anasoma neno la chombo bila kunusa chumvi. Aliyelipeleka reli alikuwa na jicho zuri. Aliona vyuma viwili virefu na miti iliyokingama kwa nafasi sawasawa, akakumbuka tumbo la jahazi ambalo halijatiwa sitaha.

Maneno ya chombo yamepanda nchi kavu mengi kuliko tunavyodhani. Timu ya mpira ina nahodha, ndege ina rubani, gari lina usukani, mwanariadha anaruka viunzi. Sina ugomvi na uhamiaji huo; lugha hukua hivyo. Kinachoniuma ni kwamba kule yalikotoka tunayasahau, tukiulizwa tunasema mbavu.

Taruma, hata hivyo, lilinipa kazi ya ziada. Mtepe, kile chombo cha zamani cha visiwa vya Lamu, haukupigiliwa misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na mataruma yakatiwa ndani baadaye, kukaza ganda ambalo tayari lilikuwa na umbo. Katika dori mambo ni kinyume. Mataruma yanatangulia, mbao zinakuja kuyafuata. Je, kitu kinachokaza na kitu kinachoumba viitwe jina moja? Kwa dori nimekubali, kwa sababu mwisho wa kazi yanabaki ndani na kukaza vilevile. Lakini katika maboksi ya merikebu kubwa za mbao kuna vibao bapa vilivyojaa, vinavyochomekwa kwenye uti wa katikati kushika umbo, na katika chombo halisi havikuwamo kabisa. Hivyo nisingeviita mataruma. Ningeviita viunzi, na neno lingerudi kwa kuunda, mama yake, baada ya kukimbia mita mia nne.

Siku ngumu kuliko zote ilikuwa siku ya ubao wa kwanza wa ubavuni. Niliupinda, nikaushika kwa vibanio vya nguo, nikainua chombo kwenye taa. Ubao uligusa ukingo mmoja tu wa kila taruma. Nyuma yake mwanga ulipita. Maelekezo yalikuwa yamenionya: kingo za mataruma zikatwe kwa kulazwa, maana ubavu unapoelekea mbele unageuka, na ukingo wa pembe mraba hauwezi kuupokea. Hatua hiyo nilikuwa nimeiruka kwa sababu sikuwa na neno lake. Niliandika “inamisha ukingo”, nikafuta. Niliandika “kata mshazari”, nikafuta pia, kwani mshazari niliuona ni wa mstari na nguo zaidi kuliko wa mti. Neno lilikuwa hanamu. Kukata hanamu ni kukata kwa kulaza. Na hanamu ni pale mbele ya chombo panapopasua maji. Ukikitazama chombo kwa ubavu unaona kwa nini: sehemu ile ni mti uliokatwa kwa kulazwa. Nikang'oa ubao, nikafunga msasa kwenye kijiti, nikazikata hanamu taruma kwa taruma, nikiujaribu ubao kila baada ya kusugua mara chache, mpaka mwanga ukafungwa.

Msasa nao tumeupeleka semina: waalimu wanapigwa msasa, makala yanapigwa msasa. Kabla ya karatasi yenye mchanga, msasa ulikuwa mti, na bado ni mti, wenye majani ya kuparuza ambayo mafundi walisugulia mbao. Vidole vyangu vilipoanza kuchubuka nililielewa neno hilo vizuri kuliko nilivyolielewa kwa miaka yote niliyohariri vitabu.

Yapo maneno ambayo meza yangu haikuweza kuyabeba. Maelekezo yalitofautisha upande wa kushoto na wa kulia wa chombo. Baharia wa tanga kwetu anazo pande nyingine: joshini, unakotoka upepo, na demanini, unakokwenda. Chombo kikigeuzwa, joshini inakuwa demanini. Chumbani kwangu hakuna kusi wala kaskazi, na maneno hayo mawili, mazuri kuliko yote, nikayaacha daftarini.

Nilikwama tena nyuma ya chombo. Dori haina tezi pana. Ina ubao mwembamba uliosimama, mpana juu na mwembamba chini, na wenyewe wanauita jiwe la kaburi kwa sababu ya umbo lake. Kwa tafsiri ya moja kwa moja ningelipata neno zuri ajabu: sisi jiwe lisimamalo kaburini tunaliita shahidi. Usiku mmoja niliandika shahidi, nikalifurahia, asubuhi nikalikata. Chombo kitakachobeba wavuvi kisipewe kiungo cha kaburi na mtu aliyekaa mezani. Fashini halikufaa pia, kwani fashini ni nguzo ya nyuma, na hii si nguzo.

Nikaitia dori katika mkebe wa biskuti, nikaenda nayo Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ambako majahazi bado yanaundwa mchangani. Fundi mmoja mzee aliipokea kwa mikono miwili. Aliigeuza juu chini kabla ya kusema lolote.

“Mkuku uko wapi, mwanangu?”

Nikamwambia dori haina mkuku, ni ubao bapa tu, ili ilale ndani ya mwenzake. Alinyamaza kidogo. Akauliza ikipigwa na upepo wa ubavu inafanya nini, nami nikajibu kwamba zaidi walipiga makasia. Akaridhika. Kisha akaanza kupitisha kidole, na mimi nikaandika: omo, hanamu, taruma, taruma, taruma. Alipofika kwenye ule ubao ulionitesa, nikamuuliza anauitaje.

“Huu? Ubao wa tezi.”

Kisha akanirudishia, akasema, “Kidau chako kizuri.” Nilikuwa nimehangaika na jina la kazi hii nzima: modeli, mfano, kielelezo, sanamu. Sanamu haielei. Kielelezo ni cha darasani. Kidau ni dau dogo, na pia ni kichupa cha wino, na kwa mtu anayeishi kwa kalamu sijui ni neno gani lingenifaa zaidi. Toka siku hiyo ninasema ninaunda vidau.

Nina ombi kwa wanaotunga kamusi, Dodoma, Dar es Salaam, Unguja na Nairobi. Maneno haya mengi mmekwisha kuyaandika, lakini yametawanyika kwa alfabeti, taruma mbali na mkuku, na msomaji hawezi kuyaona yakishikana. Chukueni kidau cha mbao, nendeni Nungwi, nendeni Matondoni kule Lamu, mkae na mafundi, mguse kipande kimoja kimoja na kuuliza. Mrudi na mchoro mmoja wa jahazi, mkubwa, wa kurasa mbili, na mishale yake yote. Nendeni mwaka huu, wazee wangali wanashika tezo.