Mviringo Unaoidanganya Mikromita

Sarafu ya peni 50 ya Uingereza, iliyoanza kutumika mwaka 1969, ina pande saba. Ibane kati ya taya za mikromita na uizungushe utakavyo: kipimo hakibadiliki. Hata hivyo hakuna anayeiita duara.

Kwa watengenezaji wa beringi, kitendawili hicho kilikuwa hasara ya kila siku. Rola nyingi za beringi husagwa bila kushikwa kwenye senta. Hulazwa juu ya bati, kati ya magurudumu mawili, jiwe la kusaga likila upande mmoja. Njia hii ni ya haraka, lakini huweza kuacha matuta matatu, matano au saba kuuzunguka mwili wa rola. Mikromita huyapitisha yote.

Beringi ya rola zenye umbo la pipa ina asili ya ajabu kidogo. Sven Wingquist alikuwa mhandisi katika kiwanda cha nguo mjini Gothenburg, Uswidi, ambako majengo yalikaa juu ya udongo wa mfinyanzi. Udongo uliposogea, shafti zilipinda na beringi zikafa. Mwaka 1907 alibuni beringi ya gololi inayojiweka sawa yenyewe, na kampuni ya SKF ikazaliwa. Mwaka 1919 Arvid Palmgren, wa kampuni hiyohiyo, akaweka rola zenye umbo la pipa mahali pa gololi ili ibebe mizigo mizito zaidi.

Hapo ndipo uso wa chuma ulipoanza kudai heshima. Kati ya rola na njia yake hubaki utando wa mafuta ambao mara nyingi haufiki mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kilele cha mkwaruzo kikiupita utando huo, chuma hugusana na chuma. Na mkaguzi wa zamani alikuwa na nini? Jicho lake na ukucha.

Mwaka 1929 Mjerumani Gustav Schmaltz alitumia sindano iliyotikisa mwale wa mwanga ili kukuza mikwaruzo. Hatua kubwa ilipigwa Leicester, Uingereza, katika kampuni ya Taylor, Taylor & Hobson, iliyoanza na lenzi mwaka 1886. Mwaka 1941, vita vikiendelea, ilitoka Talysurf, kazi ya mhandisi Richard Reason: ncha ya almasi hupita juu ya chuma, umeme hukuza mtikisiko wake, na kalamu huuchora karatasini.

Miaka michache baadaye ikaja Talyrond, nayo naiona kuwa ya kijasiri zaidi. Ili kupima uduara, spindeli ya mashine lazima izunguke kwa usahihi zaidi kuliko kitu kinachopimwa, la sivyo utasoma kasoro zako mwenyewe. Sindano iliizunguka rola iliyotulia, na matuta yaliyofichwa na mikromita yakajitokeza kwenye chati.

Umbo la pipa lilileta ugumu wake. Sindano ikienda moja kwa moja, mpindo wa rola humeza mikwaruzo yote. Dawa ya kwanza ilikuwa kiatu kidogo kinachoteleza juu ya uso na kuufuata mpindo, lakini kiatu hicho hupanda na kushuka pamoja na mawimbi mapana, hivyo huyafuta kwenye chati. Siku hizi kompyuta hutoa mpindo kwa hesabu, kisha huyahesabu mawimbi moja baada ya jingine, kwa maana rola laini yenye mawimbi ya kutosha bado huvuma ikizunguka.