Mukurtu: ghala la picha na sauti, funguo kwa wenyeji

Mukurtu ni programu ya kompyuta ya kuchunga picha, sauti na masimulizi. Ilianza mwaka 2007 kule Tennant Creek, Australia, pamoja na Warumungu, wenyeji wa pale. Jina hilo ni la mfuko ambamo wazee walichunga vitu vitakatifu. Kuona ndani, ulipashwa kwanza kuomba wazee.

Programu inafuata desturi ile: jamii yenyewe inapanga nani aone nini. Kuna ya wanaume tu, kuna ya wanawake tu. Picha za marehemu zinaweza kufungwa.

Kwetu Ituri, Colin Turnbull, Mwingereza, alirekodi nyimbo za Wambuti miaka ya 1950, zikatoka ku diski kule Marekani. Leo simu inarekodi kila fasi. Basi, mbele ya kurekodi wazee, tuulize: funguo itabakia kwa nani?