Swali la Ndiyo au La: Tarikhi ya Programu Ikaguayo Daftari la Diski

Alasiri moja ya mwaka 2006, siku za mgao wa umeme, nilikuwa nimekaa katika ofisi moja mjini Tanga nikingoja barua yangu ichapwe, mara taa zikazimika, na kompyuta kuukuu iliyohifadhi nyaraka za ofisi nzima ikanyamaza katikati ya kazi. Umeme uliporudi baada ya magharibi, mashine haikuamka kama ilivyozoea. Ilitoa maandishi meupe juu ya kioo cheusi, ikasimama, na ikauliza swali ambalo jawabu lake lilikuwa herufi moja tu, y ya ndiyo au n ya la. Kijana aliyeiangalia mitambo akabonyeza y. Likaja swali la pili, akabonyeza y. Likaja la tatu, la kumi, la arubaini, naye y, y, y, kama mtu apukuchuaye mahindi, hata mwisho alipochoka akaegemeza stepla juu ya kitufe kile, akatoka kwenda kununua kahawa. Aliporudi nikamwuliza, "Bwana mdogo, wajua unachokikubali?" Akanijibu, "Sijui, mzee, lakini nikikataa haiwaki."

Jawabu hilo lilinikaa moyoni muda mrefu, maana swali aulizwalo mtu na mashine haliwezi kuwa limezuka bure. Lazima yuko aliyelitunga, na lazima alikuwa na sababu ya kumwuliza binadamu jambo ambalo mashine, pamoja na wepesi wake wote wa hesabu, ilishindwa kuliamua peke yake. Programu iliyokuwa ikiuliza jina lake ni fsck, na tarikhi yake yaanzia Murray Hill, katika jimbo la New Jersey huko Marekani, kwenye maabara ya Bell, ambako tangu mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie pamoja na wenzao waliunda mfumo wa Unix.

Ili kuifahamu kazi yake, yafaa kwanza msomaji aone jinsi diski ya Unix inavyojiandikia mali yake. Diski ni ghala, nayo kama ghala yoyote ya mfanyabiashara mwangalifu ina shehena na ina daftari. Kila faili lina ukurasa wake katika daftari, uitwao inodi, na katika ukurasa huo huandikwa mwenye mali ni nani, ukubwa ni kiasi gani, vipande gani vya diski vimebeba maneno yenyewe, na faili hilo lina majina mangapi. Ila jina lenyewe, kwa ajabu, halimo. Majina hukaa katika saraka, ambazo katika zama zile zilikuwa orodha za mistari ya baiti 16, baiti 2 za nambari ya inodi na baiti 14 za jina, basi. Pembeni ipo orodha nyingine ya vipande vilivyo wazi, visivyo na mwenyewe, na juu ya yote kipo kipande kikuu kinachoeleza ghala nzima ina ukubwa gani na kurasa ngapi. Ukitazama vizuri utaona kwamba jambo moja huandikwa mahali pawili au patatu, na hapo ndipo penye uwezekano wa ukaguzi, kwa kuwa daftari lisemalo jambo mara moja tu haliwezi kupatikana na uwongo.

Hitilafu ilikuwa ikiingia kwa mlango wa haraka. Mashine ile, ili isimcheleweshe mtu, haikuteremsha kila neno diskini papo hapo, bali ilishika sehemu ya daftari katika kumbukumbu yake, ile ipoteayo umeme ukatikapo, na programu ndogo iitwayo update ikawa kila baada ya sekunde 30 yaamrisha kwamba yaliyo kichwani yaandikwe chini. Amri hiyo huitwa sync, na mafundi wa kale walikuwa na ada ya kuitaipu mara tatu kabla ya kuzima mtambo. Mashine ikizimika ghafla baina ya sekunde moja na thelathini, jina laweza kuwa limekwisha andikwa katika saraka na ukurasa wake bado, au kipande kimekwisha pewa faili huku orodha ya vilivyo wazi ingali yadai kuwa hakina mwenyewe, na kesho yake kikapewa faili jingine, nayo mawili yakaandikiana juu kama wapangaji wawili waliopewa ufunguo wa chumba kimoja.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya vipande vipande. Kulikuwa na programu icheck, iliyopita katika kurasa zote ikilinganisha vipande vinavyodaiwa na vile vilivyo wazi. Kulikuwa na dcheck, iliyohesabu majina katika saraka na kuyapima na idadi iliyoandikwa katika inodi. Na kulikuwa na clri, ambayo haikuuliza wala haikushauri, bali ilifuta ukurasa ulioamriwa ufutwe. Fundi alisoma ripoti ya mbili za kwanza, akakaa na karatasi na kalamu, akapiga hesabu, kisha akaishika ya tatu kwa mkono uliotetemeka. Kitabu cha maelezo cha siku hizo kiliusia kwamba diski iliyovurugika itendewe kwa upole, na kama ni ya thamani kubwa na hali yake ni mbaya sana, yaliyomo yanakiliwe kwanza kwenye utepe kabla ya upasuaji. Na katika kazi hiyo, kikasema, uzoefu na ushujaa wenye elimu vina nafasi kubwa. Ni nadra kitabu cha mitambo kumtaka msomaji wake awe shujaa.

Mwaka 1978 T. J. Kowalski, wa maabara hiyohiyo ya Bell, alieleza katika waraka wake programu moja iliyozikusanya kazi hizo zote, ikazipanga kwa awamu, na badala ya kumtupia fundi rundo la nambari ikamletea kila kosa peke yake pamoja na pendekezo la kulitengeneza. Juu ya jina la fsck, ambalo ni mkato wa maneno ya kukagua mfumo wa mafaili, Dennis Ritchie alipata kusema kwamba hapo awali herufi yake ya pili ilikuwa nyingine. Na msomaji ajuaye matusi ya Kiingereza atalikamilisha mwenyewe, kwani adabu ya gazeti hili yanizuia.

Awamu ya kwanza hukagua inodi na vipande vyake, ikimtafuta adaiye kipande kisichokuwako au kipande cha mwenziwe. Ya pili hufuata majina kuanzia saraka ya shina, ambayo ukurasa wake ni nambari 2. Ya tatu hutafuta saraka zilizokatika nasaba, zisizofikika kwa njia yoyote kutoka shinani. Ya nne huhesabu majina. Na ya tano hupatanisha orodha ya vipande vilivyo wazi. Ndani ya mpango huu mkavu mna jambo moja ambalo naliona la huruma. Huweza kutokea faili lenye ukurasa kamili, lenye mwenyewe na maneno, ila saraka iliyolitaja imeangamia, na kwa hiyo halina jina popote ulimwenguni. Mafundi huliita yatima. Fsck halifuti, hulichukua na kulipachika katika saraka maalumu iitwayo lost+found, yaani vilivyopotea vikaonekana, likipewa nambari yake ya inodi iwe ndiyo jina, mpaka atokee wa kulitambua. Na kwa kuwa haifai kuchukua vipande vipya katika daftari ambalo bado halijaaminika, saraka hiyo ilipaswa kuandaliwa mapema iwe na nafasi tupu. Mafundi wa zamani waliunda humo mafaili mengi ya bure, kisha wakayafuta yote, ili ibaki mistari mitupu ikisubiri mayatima.

Lakini tusimtwike fsck sifa asiyoidai. Barua iliyoandikwa nusu, kwake ni barua nusu, na picha iliyojaa takataka ni picha salama, mradi vipande vyake havigombaniwi. Uaminifu wake ni kwa daftari, wala hana habari na maneno yaliyomo. Na mahali pale ambapo mafaili mawili yadai kipande kimoja, hali yake huwa ya kadhi aletewaye wadai wawili wenye hati sawa za shamba moja: hesabu haitamwambia nani mkweli. Ndiyo maana aliuliza. Swali lile la y au n liliwekwa kwa ajili ya mtu aijuaye ofisi yake, ajuaye faili lipi ni la mishahara na lipi ni la mzaha, na likaambatana na njia mbili za mkato: chaguo la n, ambalo hukataa yote na kuiacha diski bila kuguswa, na chaguo la y, ambalo hukubali yote, nalo kitabu cha maelezo chaonya kuwa ni ruhusa ya kuendelea mbele ya balaa lisilo na kikomo. Stepla ya Tanga, kumbe, ilikuwa na jina rasmi miaka mingi kabla yake.

Huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marshall Kirk McKusick, Bill Joy, Samuel Leffler na Robert Fabry waliujenga upya mfumo wa mafaili, ukatoka na 4.2BSD, toleo la Unix la chuo hicho, mwaka 1983, na McKusick akashirikiana na Kowalski kuurekebisha waraka wa fsck. Nakala za kipande kikuu sasa zilitawanywa diskini kote, tena kwa mshazari, hata likiharibika sahani moja zima la diski isipotee kila nakala. Fundi aliyekuta kipande kikuu kimeoza alitaipu nambari 32, ilipo nakala ya akiba, na ghala ikafunguka. Tena huko ndiko programu ilikofundishwa kujitengenezea yenyewe makosa madogo yanayotazamiwa baada ya umeme kukatika, na ikikuta lisilotazamiwa isimame imwite binadamu.

Waliokulia katika MS-DOS, iliyotoka mwaka 1981, walimjua nduguye aitwaye CHKDSK, na bila shaka wapo wanaokumbuka mafaili yenye majina kama FILE0000.CHK, ambayo ni mayatima wa huko, ingawa walizagaa uwanjani bila nyumba.

Kilichomshinda fsck ni ukubwa. Alizaliwa wakati ambapo diski ya RK05, pana kama sinia la pilau, ilibeba megabaiti mbili na nusu. Diski zilipokuja kubeba maelfu kwa maelfu ya hizo, kupita ukurasa kwa ukurasa kukawa ni saa nzima za kungoja. Wahandisi wakaingiza kitabu cha siku, ambamo mashine huandika linalokusudiwa kutendwa kabla ya kulitenda, hata ikizimika ghafla isome kurasa za mwisho tu. Kampuni ya Silicon Graphics ilitoa mfumo wa mafaili wa XFS namna hiyo mwaka 1994, na ext3 ya Stephen Tweedie ikaingia katika Linux mwaka 2001. XFS ina programu yake ya kutengeneza, iitwayo xfs_repair. Lakini kwa kuwa mashine iwakapo huita kwa ada programu yenye jina la fsck, waliiandalia moja, fsck.xfs, ambayo kwa maelezo ya waundaji wenyewe kazi yake ni kutofanya lolote na kurudi salama. Nami naijua ajira hiyo. Nimefanya kazi na watu walioishika miaka thelathini. Wenzao wa kampuni ya Sun, katika mfumo wao wa ZFS wa mwaka 2005, waliacha kabisa kuandika fsck, kwa hoja kwamba daftari lao halifutwi juu ya maandishi ya zamani, bali ukurasa mpya huandikwa kando, kisha kielekezi hugeuzwa.

Hata hivyo, fungua leo diski ya Linux iliyotengenezwa kwa ext4, utaikuta saraka ya lost+found imeundwa kabla ya faili lako la kwanza, imefungwa asiingie ila msimamizi, na kwa kawaida ukubwa wake umeandikwa baiti 16,384 ingawa ndani hamna kitu. Katika ile ya Tanga, yule kijana aliponifungulia usiku ule, tulikuta mafaili kumi na moja yenye nambari badala ya majina. La nne lilikuwa barua yangu, imeishia katikati ya anwani.