Idhini ya aina: maana, matumizi na wakati wake

idhini ya aina nm [i-/zi-] uamuzi rasmi wa mamlaka ya umma kwamba aina fulani ya gari, au ya mfumo au kifaa cha gari, inatimiza matakwa ya kiufundi ya usalama na mazingira yaliyowekwa na sheria, hivyo kwamba magari yote yatakayotengenezwa kwa kufuata aina hiyo huweza kuuzwa na kusajiliwa bila kila moja kupimwa upya.

Istilahi hii hutumika zaidi katika sheria za magari, ingawa haikomei hapo: simu na vifaa vingine vya mawasiliano navyo huidhinishwa kwa aina, si kimoja kimoja. Makala haya yanaihusu katika uwanja wa magari, ambako mfasiri hukutana nayo katika mikataba, miongozo ya kiwanda na maandiko ya sheria. Ni istilahi inayohitaji uangalifu, kwa sababu neno lisilo sahihi hapa haliharibu maana tu, bali huhamisha wakati wa kazi. Msomaji aliyeandikiwa "ukaguzi" hungoja gari likamilike. Aliyeandikiwa "idhini ya aina" hujua kwamba kazi imekwisha kuanza tangu mchoro wa kwanza.

Sarufi

Nomino *idhini* na *aina* zote ni za ngeli ya I-/ZI-, na zote zina asili ya Kiarabu. Wingi wake hutambulika kwa upatanisho: *idhini ya aina imetolewa, idhini za aina zimetolewa*.

Neno kuu katika kirai hiki ni *idhini*, na *aina* hutaja kitu kinachoidhinishwa. Mpangilio huo haugeuzwi. *Aina ya idhini* ni jambo jingine kabisa, yaani namna mojawapo ya idhini miongoni mwa nyingine. Kwa sababu hiyohiyo kirai *idhini ya aina hii* kina utata: huweza kusomwa kuwa "idhini ya namna hii" au "idhini iliyotolewa kwa aina hii ya gari". Katika maandiko ya sheria, utata huu huondolewa kwa kutaja kitu chenyewe: *idhini ya aina hii ya gari*, *idhini ya aina ya taa*.

Mchakato huitwa *uidhinishaji wa aina*, na matokeo yake ndiyo *idhini ya aina*. Hivyo husemwa kwamba uidhinishaji unaendelea, lakini idhini imepatikana.

Aina si gari, wala si jina la biashara

Katika sheria, *aina* ni kundi la magari yanayofanana katika mambo ya msingi yaliyotajwa na kanuni, kama vile mtengenezaji na ujenzi wa sehemu kuu za bodi. Sheria ya Umoja wa Ulaya hugawanya aina katika *vibadala*, na kibadala katika *matoleo*. Jina linalobandikwa nyuma ya gari si kipimo cha aina. Jina moja la biashara huweza kubeba aina mbili, na aina moja huweza kuuzwa kwa majina mawili.

Mfumo huu unatokana hasa na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1958, ulio chini ya Tume ya Uchumi ya Ulaya ya Umoja wa Mataifa. Nchi zinazotumia kanuni fulani ya mkataba huo hutambua idhini iliyotolewa na nchi mwenzake chini ya kanuni hiyo. Ndiyo maana ya herufi E iliyozungushiwa duara, pamoja na namba, inayoonekana kwenye vioo na taa za magari mengi. Namba 1 ni ya Ujerumani, 2 ya Ufaransa, 4 ya Uholanzi. Namba hiyo hutaja nchi iliyotoa idhini, si nchi iliyotengeneza kifaa. Kuandika "kimetengenezwa Uholanzi" kwa kuona E4 ni kosa. Katika Umoja wa Ulaya, idhini ya gari zima husimamiwa na Kanuni 2018/858, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2020.

Maneno yanayochanganywa nayo

*Ukaguzi.* Hiki ni kitendo cha kuchunguza gari moja lililokwisha kuwapo. Wasomaji wa Afrika Mashariki wamelizoea neno hili kwa sababu sehemu kubwa ya magari yanayoingia Kenya na Tanzania ni yaliyokwisha kutumika kwingine, na kwa magari kama hayo huangaliwa gari lenyewe: umri wake, hali ya breki, uimara wa chesisi. Kanuni ya Kenya inayozuia kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 ni ya namna hiyo. Idhini ya aina hutangulia yote hayo, na hutolewa kabla gari la kwanza la biashara halijauzwa.

*Usajili.* Ni kuandikisha gari moja kwa jina la mwenyewe na kulipa namba. Hufuata idhini, hauchukui nafasi yake.

*Kibali* na *leseni.* Hupewa mtu au kampuni ili afanye jambo fulani. Idhini ya aina huhusu sifa za kitu, ingawa hukabidhiwa mtengenezaji.

*Idhini ya gari moja.* Ipo katika sheria ya Ulaya kwa gari la pekee, mfano lililoundwa kwa kazi maalumu. Hapo ndipo pekee panapofaa kusema kwamba gari lenyewe limeidhinishwa.

*Uthibitisho wa mtengenezaji.* Huu ni utaratibu wa Marekani katika viwango vya usalama, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1966. Serikali haitoi idhini ya awali. Mtengenezaji mwenyewe huthibitisha kwamba gari linatimiza viwango. Serikali huweza baadaye kulipima gari lililoko sokoni na kuamuru magari yarudishwe kurekebishwa. Kuandika kwamba gari "limepata idhini ya aina ya usalama Marekani" ni kosa la maana. Moshi una utaratibu wake: huko huko Marekani, cheti cha serikali hutakiwa kabla ya mauzo.

Kwa nini hupangwa mapema

Methali husema *udongo uwahi ungali maji*. Katika uundaji wa gari, udongo hukauka upesi. Kalibu za bodi na taa zikishachongwa, kila badiliko huhitaji kalibu nyingine. Kwa hiyo timu ya uundaji hujibu maswali manne kabla ya umbo la gari kukubaliwa: gari litauzwa katika soko gani, litakuwa katika kundi gani la kisheria, kanuni zipi zinalihusu, na zitakuwa zimeanza kutumika lini.

Kundi huamua mengi. Katika mfumo wa Ulaya, gari la abiria lenye viti visivyozidi 8 mbali na cha dereva ni la kundi M1. Kiti kimoja kikiongezwa, gari huingia kundi M2, lenye matakwa tofauti. Gari la mizigo ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa hauzidi tani 3.5 ni N1. Likizidi hapo ni N2. Mbunifu anayebadili injini kwa betri nzito, akitaka mzigo ubaki uleule, huweza kuvuka mpaka huo bila kukusudia.

Taa ni mfano ulio wazi zaidi. Kanuni Na. 48 ya Umoja wa Mataifa hutaka taa za mbele za mwanga wa chini ziwe kati ya milimita 500 na 1,200 kutoka ardhini. Sharti hilo humfunga mchoraji wa uso wa gari tangu siku ya kwanza. Aidha, kanuni hizo hutaka indiketa za nyuma ziwe na mwanga wa rangi ya kaharabu, ilhali Marekani huruhusu pia nyekundu. Anayekusudia masoko yote mawili huamua mapema: taa moja inayokubalika kote, au taa mbili zenye kalibu mbili.

Mikanda ya usalama hufunza jambo jingine. Kanuni Na. 14 hupima sehemu ambazo mikanda imefungiwa. Katika gari la abiria, mkanda wa sehemu tatu huvutwa kwa nguvu ya takriban nyutoni 13,500 kwenye sehemu yake ya juu, na vivyo hivyo kwenye sehemu ya chini. Sehemu hizo zimo ndani ya chuma cha bodi au cha kiti. Zikishindwa, dawa yake ni kuongeza unene wa bati au kubadili uchomeleaji, na badiliko hilo huweza kugusa matokeo ya majaribio ya mgongano yaliyokwisha kufanywa. Kushindwa kumoja huzaa majaribio mengine.

Aina mpya na gari jipya

Kanuni nyingi huwa na tarehe mbili: ya kwanza kwa *aina mpya*, ya pili kwa *magari yote mapya*. Mfasiri anayeandika "magari mapya" mahali pote pawili hufuta tofauti ambayo mtengenezaji ameijengea mpango wake wote. Aina mpya ni ile inayoombewa idhini kwa mara ya kwanza. Gari jipya huweza kuwa limetoka kiwandani jana, lakini likawa la aina iliyoidhinishwa miaka mingi iliyopita.

Kanuni Na. 155, inayohusu kinga ya gari dhidi ya udukuzi wa kompyuta, ilionyesha uzito wa tofauti hiyo. Katika Umoja wa Ulaya ilianza kuzibana aina mpya Julai 2022, na magari yote mapya Julai 2024. Kanuni hiyo haipimi kifaa kimoja. Humtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba ana mfumo wa kusimamia hatari hizo tangu hatua ya uundaji. Jambo la namna hiyo haliongezwi kwa urahisi mwishoni. Porsche Macan ya petroli, iliyoingia sokoni mwaka 2014, ilikoma kuuzwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2024 kwa sababu mifumo yake ya elektroniki ilihitaji marekebisho makubwa mno, ilhali nje ya Umoja huo iliendelea kuuzwa. Gari lilikuwa jipya na wanunuzi walikuwapo. Aina yake ndiyo iliyopitwa na tarehe ya pili.

Baada ya idhini

Idhini haifungi kazi. Mtengenezaji hubaki na wajibu wa *ulinganifu wa uzalishaji*, yaani kuhakikisha kwamba magari yanayotoka kiwandani yanafanana na aina iliyoidhinishwa. Kila gari huambatana na *hati ya ulinganifu*, ambayo kwayo husajiliwa. Hati hii hutolewa na mtengenezaji, idhini hutolewa na mamlaka. Maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi.

Aina ikibadilishwa kwa namna inayohitaji majaribio au uchunguzi mpya, huombwa *upanuzi wa idhini*. Matini chanzi mara nyingi hutumia neno lenye maana mbili, kupanua na kurefusha, na baadhi ya tafsiri huandika "kuongeza muda wa idhini". Hilo ni kosa. Kinachopanuliwa ni eneo linalofunikwa na idhini, kwa mfano kibadala chenye injini nyingine, muda haukuzungumzwa.

Mifano ya matumizi

*Si sahihi:* Gari likishatengenezwa litapelekwa kwa idhini ya aina.
*Sahihi:* Aina itaombewa idhini kabla ya uzalishaji wa kibiashara kuanza.

*Si sahihi:* Mamlaka imekagua magari yote 10,000 na kuyapa idhini ya aina.
*Sahihi:* Mamlaka imeidhinisha aina. Magari 10,000 yametengenezwa kwa kuifuata.

*Si sahihi:* Kanuni itahusu magari mapya kuanzia Julai 2022, kisha magari mapya yote kuanzia Julai 2024.
*Sahihi:* Kanuni itahusu aina mpya kuanzia Julai 2022, kisha magari yote mapya kuanzia Julai 2024.

*Si sahihi:* Kiwanda kimeomba kuongezewa muda wa idhini kwa sababu ya injini mpya.
*Sahihi:* Kiwanda kimeomba upanuzi wa idhini ili ujumuishe injini mpya.

Ushauri wa matumizi

Kabla ya kuchagua neno, mfasiri ajiulize maswali matatu: kinachozungumzwa ni aina au gari moja? Anayethibitisha ni mamlaka au mtengenezaji? Jambo hutendeka kabla ya uzalishaji au baada yake? Yakijibiwa matatu hayo, istilahi hujitenga zenyewe: idhini, uthibitisho, ulinganifu, ukaguzi, usajili. Mwalimu anayefundisha istilahi hizi atafaa kuzipanga kwa mfuatano wa kazi badala ya alfabeti, maana tofauti kubwa kati yake ni hatua ambayo kila moja huingilia katika maisha ya gari.